Kwa Msomaji Asiyeuona Mto

Boriti za mkoko zikishalazwa ufukweni, mgeni haoni tofauti. Zote nyoofu, zote zina wekundu uliofifia, zote zimekaukiwa na tope la delta ya Rufiji kwenye ncha ya chini. Mwenye kazi yake anaona bidhaa tano. Nyembamba kabisa ni fito, za kusukia ukuta wa nyumba ya udongo. Zinafuata pau, kisha mazio, kisha boriti yenyewe, ambayo kwa vipimo vya wafanyabiashara wa pwani ina kipenyo cha sentimita 11 hadi 13 hivi. Ikizidi hapo inaitwa nguzo. Huhesabiwa kwa korja, na korja moja ni miti 20. Ninachokipenda zaidi katika mpangilio huu ni mipaka yake. Mazio inapokoma ndipo boriti inapoanza. Hakuna mti wenye haki ya majina mawili, wala uliokosa jina, na ukikutana na mti wenye utata unauamulia fungu lake hapohapo kwenye tope, kabla haujapanda chomboni. Ukishapanda, umechelewa.

Umechelewa kwa sababu majina haya hayakuwekwa kwa ajili ya mkataji. Mkataji ana mti mkononi, na mwenye macho haambiwi tazama. Yaliwekwa kwa ajili ya mtu wa mbali. Kwa karne nyingi kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba, na kusi ikayarudisha yakiwa yamesheheni miti ya pwani hii. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, aliingia delta ya Rufiji ndani ya jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, lililokuja kupakia boriti. Huko lilikotoka hakukuwa na msitu wa kujengea. Fundi aliyekuwa akizisubiri hakuwahi kukanyaga Salale ya deltani, hakujua mkoko wa mlilana huota wapi na wa msinzi huota wapi, hakuwahi kuumwa na mbu wa delta. Alichokuwa nacho ni jina na hesabu: korja kadhaa za boriti. Kwa jina hilo akapanga kuta zake. Vyumba vya nyumba za kale za mawe, Lamu, Unguja na hata ng'ambo ya bahari, ni virefu na vyembamba kwa kuwa dari lake hubebwa na boriti, nayo boriti ina urefu wake. Watu wamezaliwa, wameoana na wamefia katika vyumba ambavyo upana wake uliamuliwa na mti wa topeni, na mjenzi aliuamini mti huo kabla hajauona.

Msomaji wa namna ile, anayetenda kwa kutegemea maneno matupu, amerudi siku hizi kwa sura nyingine. Programu za akili mnemba zinazoitwa mawakala hazikai zikizungumza tu, zinatumwa kazi. Ili wakala aifanye kazi hupewa zana: moja ya kusoma hali ya hewa, moja ya kutafuta nauli, moja ya kutuma ujumbe wa simu. Juni 2023 kampuni ya OpenAI iliwafungulia watengenezaji wa programu njia rasmi ya kuipa modeli, yaani programu ya lugha iliyo ndani ya wakala, zana za aina hiyo, na Novemba 2024 Anthropic ikatoa Model Context Protocol, kanuni ya wazi ya kuunganisha zana na modeli ya kampuni yoyote. Nyuma ya majina hayo makubwa kuna jambo dogo mno. Wakala haioni zana kwa ndani. Hajui nani aliitengeneza, wala alikuwa na nia gani, wala alikosea wapi. Anapewa jina la zana, maelezo ya sentensi chache, na orodha ya vitu vya kujaza kabla ya kuitumia. Kwa hayo tu anaamua achukue ipi, lini, na ajaze nini.

Waliozoea kuwaandikia binadamu hujikwaa hapa, kwa kuwa binadamu ni msomaji mwenye huruma. Mwandikie sentensi pungufu, ataijaza kwa kumbukumbu, kwa kumuuliza jirani, kwa kuchungulia dirishani aone kama kweli mvua inanyesha. Wakala hana dirisha.

Tuseme kijana wa Kibiti anatengeneza wakala wa kuwajibu watu wa kwao kwa simu, na miongoni mwa zana zake ipo aliyoipa jina kiwango_cha_maji. Kwenye maelezo ameandika: “Hutoa kiwango cha maji.” Sentensi ni sanifu, tena ni ya kweli. Lakini mkulima wa Ikwiriri akiuliza kama maji yamepanda, anauliza habari za mto, maana ana shamba bondeni. Mvuvi wa Mbwera akiuliza maneno yaleyale anauliza habari za bahari: ni bamvua au maji mafu, na chombo chake kitaelea saa ngapi. Na msomaji wa magazeti aliyeko Dar es Salaam huenda ana shauku ya bwawa la umeme la Julius Nyerere lililo kwenye mto huo, ambako kiwango hutajwa kwa mita kutoka usawa wa bahari: 163 ndicho cha chini cha kuzalishia umeme, 184 ndicho cha kujaa. Sasa zana inarudisha namba 164, basi, bila kusema ni ya wapi. Bwawani namba hiyo ina maana kubwa. Utete, kando ya mto, haina maana yoyote. Kwa mvuvi ni kichekesho, kama atakuwa na muda wa kucheka. Wakala ataipokea kwa heshima na kumpelekea yeyote aliyeuliza, kwa Kiswahili kizuri, bila kusitasita. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Huyu hana hata namna ya kujua kwamba hajayafika.

Ningetamani zana ile iitwe kina_cha_mto_rufiji na maelezo yake yasomeke hivi: “Hutoa kina cha Mto Rufiji kwa mita, kama kilivyosomwa mara ya mwisho kwenye kituo kimoja cha kupimia, pamoja na tarehe na saa ya kusomwa. Itumie mtu anapotaka kujua mto umepanda au umeshuka. Usiitumie kwa kupwa na kujaa kwa bahari kwenye delta, wala kwa kiwango cha bwawa la Julius Nyerere. Hayo yana zana zake. Haitabiri siku zijazo. Kama kipimo kimepitwa na zaidi ya saa 24, mwambie muulizaji jambo hilo kwanza, ndipo umpe namba.” Ni ndefu, na kila neno lake hulipiwa, kwa kuwa kwa kawaida modeli husoma orodha nzima ya zana kila inapoitwa kazini na usomaji huo una gharama. Mimi ningelipa. Sentensi ya bei kubwa kuliko zote hapo ni ile inayokataza, nayo ndiyo waandishi wengi huiacha. Nadhani huiacha kwa sababu inafanana na kujishusha. Nani anaitangaza mali yake kwa kutaja isichoweza? Lakini ondoa sentensi hiyo, na zana tatu za maji zitaanza kugombea swali moja, kila moja ikiwa na haki nusu. Mti wa majina mawili umeshapanda chomboni.

Kisha kuna saa. Boti inaondoka Nyamisati kwenda Mafia saa mbili, na kila mtu aliyekaa gatini juu ya mzigo wake anajua ni saa mbili ipi: jua limeshatoka, mama wa vitumbua ameshauza nusu ya beseni. Zana ya kukatia tiketi inataka saa ijazwe kwa mtindo wa kompyuta, unaoanza siku usiku wa manane, na maelezo yake yanasema tu “saa ya kuondoka”. Wakala anajaza 02:00. Hapo hakuna aliyedanganya, wala programu haijaharibika, na kama zana haina ukaguzi, tiketi itatoka na msafiri atapangiwa boti isiyokuwepo. Sentensi mbili zingeokoa safari: mtu akisema saa mbili asubuhi, jaza 08:00; asiposema asubuhi au usiku, muulize. Sitarajii sentensi hizo ziandikwe na watu wa kampuni za San Francisco. Sio kwa ubaya wao. Huko hakuna anayeachwa na boti kwa sababu ya kuhesabu siku kuanzia mawio. Mambo ya namna hii huandikwa na aliyeachwa, au na mtoto wake.

Na zana ikishindwa, iseme imeshindwa wapi. “Hitilafu imetokea” ni ukuta. “Kituo hicho hakimo kwenye orodha, vilivyomo ni hivi” ni mlango, na wakala ataupita.

Siwezi kuandika habari za maji na maneno katika bonde hili nikapita mbali na Ngarambe. Hapo ndipo Kinjikitile Ngwale alipogawa dawa ya maji, na habari yake ikatembea kwa miguu kuvuka vilima vya Matumbi na bonde la Rufiji: atakayeipata, risasi ya Mjerumani itamgeukia maji. Julai 1905 watu wa Matumbi waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile pale Mohoro. Mtu alikuwa amekufa, lakini maelezo ya dawa yake yaliendelea kutembea bila yeye, kusini kabisa hadi Ungoni. Kazi moja maji yale yaliifanya, na hakuna chombo kingine cha wakati ule kilichoweza kuifanya: yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wandengereko na wengine wengi ambao hawakuwahi kupigana chini ya jina moja. Kazi ya pili, ya kuzuia risasi, hayakuiweza. Habari iliyosafiri haikuzitenganisha kazi hizo mbili, na aliyeipokea mbali na Ngarambe hakuwa na wa kumuuliza. Wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa walifikia hadi 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuteketeza mashamba na vyakula. Ebrahim Hussein aliliweka jukwaani suala la neno linalomzidi nguvu msemaji wake katika tamthilia yake ya Kinjeketile, mwaka 1969, na kwa maoni yangu bado liko jukwaani.

Simlaumu Kinjikitile; lawama ya bunduki ni ya mwenye bunduki. Wala silinganishi mauti yale na tiketi ya boti. Ninachokitoa Ngarambe ni hofu ya mwandishi. Maneno yanayoeleza uwezo wa kitu, yakishamtoka mtu, huenda kwa watu waliobanwa, na aliyebanwa husikia ahadi kuliko masharti. Zana inayojitangaza kwamba “hutoa tahadhari ya mafuriko”, ilhali kazi yake ni kusoma kipimo cha jana, imeshaahidi zaidi ya uwezo wake. Siku za kawaida hakuna atakayegundua. Usiku mto unapopanda, mama wa Mohoro atauliza kama ahame au alale, na wakala, kwa kuamini maneno ya mtu aliyetaka zana yake ipendeze, atamjibu kwamba hakuna tahadhari yoyote. Kutokuwepo kwa tahadhari na kutokuwepo kwa hatari ni vitu viwili. Nani alimwambia wakala tofauti hiyo? Ni mwandishi pekee aliyekuwa na nafasi ya kumwambia.

Imani hiyo kubwa ya wakala kwa maneno ina upande wa giza pia. Mwaka 2025 watafiti wa usalama wa kompyuta walionyesha jinsi mtu mwenye nia mbaya anavyoweza kuficha amri ndani ya maelezo ya zana, wakala akazitii huku mwenye simu akiona jina la zana tu, jina la kawaida kabisa. Anayeamini maneno kwa kukosa njia nyingine ni rahisi kumwibia. Jambo hilo ni pana na lina wataalamu wake. Mimi narudi mtoni.

Maelezo huzeeka hata yakiwa hayajaguswa. Mkulima wa mlau, anayepanda bondeni maji ya mafuriko yakishashuka na kuacha unyevu, alirithi kwa wazee wake maelezo kamili ya Mto Rufiji: mvua zikinyesha sana juu, Kilombero na kwingineko, maji yatafika kwake baada ya siku fulani, yatakaa, yatashuka, naye atapanda. Tarehe 22 Desemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ujazaji wa bwawa la Julius Nyerere. Februari 2024 mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme, kati ya mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115 kwa jumla. Aprili mwaka huohuo mafuriko yakafunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Kuanzia wakati wa bwawa, mto unafuata mvua na unafuata pia mageti, na mageti hufunguliwa kwa uamuzi wa watu. Aliyeandika mwaka 2021 kwamba kina cha mto upande wa chini hutokana na mvua za nyanda za juu aliandika ukweli. Leo karatasi yake haijabadilika hata nukta, na imekuwa pungufu. Delta yenyewe haijawahi kutulia: mkondo mmoja hujifukia kwa mchanga, mwingine hujichimba, na nahodha anayepita kwa ramani ya babu yake atalala juu ya fungu la mchanga hadi maji yajae tena. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari bila tarehe nalo halisaidii sana. Kwa hiyo ningependa kila maelezo ya zana yawe na siku yaliyoandikwa na jina la ofisi ya kupigiwa simu hali ikibadilika. Waandika programu hucheka nikisema hivi. Wacha wacheke.

Kuna jambo la lugha ambalo sitalikalia sana. Zana nyingi wanazopewa mawakala zinaelezwa kwa Kiingereza, hata zile zinazohusu samaki wa Kilindoni na korosho za Bungu, kwa hoja kwamba modeli huelewa Kiingereza vizuri zaidi. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inamtoa mezani mtu mwenye kujua. Mvuvi wa Kiomboni anaweza kukuambia katika pumzi moja kwamba kipimo chako cha mawimbi ni cha bahari ya nje na hakifai ndani ya mito ya delta, ila hawezi kukuambia hivyo kama hajawahi kusomewa ulichoandika. Mikoko ya delta hii, hekta 53,000 hivi, ni msitu mkubwa kuliko wote wa aina yake Afrika Mashariki, na watu wanaoufahamu mfereji kwa mfereji hawapo kwenye vikao ambamo zana zake zinapewa majina. Kama ni lazima maelezo yawe ya Kiingereza, yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, yasomwe gatini, yabishaniwe, yafutwefutwe, kisha yatafsiriwe. Mabishano ya gatini ndiyo ukaguzi ninaouamini. Msomee mtu maelezo ya zana yako, halafu muulize: utaitumia hii kujua kama bahari imejaa? Akisita, hujamaliza kuandika. Akijibu ndiyo, na wewe ulikusudia mto, una kazi usiku huo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ina namba. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina namba. Mkulima wa mlau na mvuvi wa kamba wana maana ya namba hizo, na wakala hana hiki wala kile mpaka mtu akae chini aviandike pamoja. Kazi hiyo haihitaji kompyuta ya bei kubwa. Basi ndugu zangu mnaotengeneza programu Dar es Salaam, kabla hamjaandika sentensi ya kwanza juu ya maji ya Rufiji, nendeni mkayaone na mkawaulize wenyewe. Magari ya Kibiti yanapatikana Mbagala Rangi Tatu.